Fedha ya Swichi Imeliwa

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, haikuwa na tusi wala jina la mtu. "Fedha ya swichi ya pampu kubwa imeliwa, iliyobaki ni kidogo sana." Cheche aliiandika Jumatatu asubuhi kwenye daftari la zamu la kituo cha maji, kwa ule mwandiko wake uliolala upande, akalifunga daftari na kwenda kunawa mikono. Alikuwa ameandika humo kwa miaka kumi na tisa na hajawahi kusomwa na mtu. Kazi ya daftari lile iliyojulikana na wote ni moja tu, kuuzuia mlango wa ofisi ya karani usijifunge kwa upepo.

Fundi mwenzake yeyote angejua anasema nini. Ndani ya swichi ya pampu kubwa mna vipande vya metali, kila kimoja saizi ya ukucha wa kidole gumba, vinavyokutana pampu ikiwashwa na kuachana ikizimwa. Uso wa kila kipande umevikwa fedha, fedha ile ile ya pete na bangili, iliyochanganywa na kitu kingine kidogo ili nyuso zisigandane kwa joto. Si anasa. Shaba ni rahisi, lakini ikipata moto huota ngozi inayouzuia umeme, wakati fedha hata ikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni umeme hupita. Ila kila vipande vinapoachana, cheche huruka na kulamba fedha kidogo, na mafundi husema imeliwa. Zamani Cheche aliandika "silva ya kontakti imekwisha" na maisha yakaendelea. Lakini mwaka huo Meneja alikuwa ametoa waraka wa kukataza "maneno ya mitaani na ya kigeni" katika taarifa za kazi, akitaka Kiswahili fasaha ambacho kila mwananchi atakielewa. Cheche ni mtu wa kutii waraka. Na kweli, kila mwananchi alielewa.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Mwenyekiti wa bodi. Alikuja Jumanne kukagua, yaani kunywa chai, akajikwaa kwenye daftari mlangoni. Kwa kuwa alikwisha kuliinua, na watu walikuwa wanamtazama, ilibidi alifungue ukurasa wa mwisho na kukunja uso kama msomaji.

"Meneja," alisema, "nani kala fedha ya swichi?"

Mtu safi angeuliza, fedha gani? Meneja hakuuliza. Jasho jembamba lilimtoka, akatazama dirisha, akatazama viatu vyake.

"Mheshimiwa, ile haikuliwa. Ilihamishwa tu. Nyingine iliingia kwenye semina. Na viti vya gari langu, mwenyewe ulivipanda, vilikuwa vimechakaa kweli."

Mwenyekiti hakuwa na habari yoyote ya semina wala ya viti. Hakujua hata kwamba kituo kiliwahi kutengewa fedha ya swichi mpya. Sasa alijua. Aliliweka daftari mezani taratibu, akasema wataongea. Wakaongea. Wiki haikuisha, mpwa wa Mwenyekiti akaajiriwa kuwa afisa uhusiano wa kituo, kazi ambayo haikuwepo, na uchungu wa Mwenyekiti juu ya mali ya umma ukapoa. Akabaki mtu mmoja wa kuadhibiwa, na huyo ni yule aliyeandika.

*

Mkewe alikuwa kwenye cherehani yake Cheche alipoingia na barua. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Waliishi kwenye nyumba ya kazi, vyumba viwili nyuma ya kituo, pamoja na mama yake Cheche, bibi asiyeweza tena kutembea zaidi ya hatua kumi. Mama Cherehani aliisoma barua akiwa bado na pini mdomoni. Ilisema mumewe amesimamishwa kwa "kuukashifu uongozi kwa maandishi", na kwamba asipojieleza kwa kuridhisha ndani ya siku kumi na nne atafukuzwa kazi na nyumba ataihama.

"Baba, umeandika nini huko?"

"Nimeandika fedha imeliwa."

Akazitoa pini mdomoni. "Na nani?"

"Na cheche."

Kutoka chumbani bibi akadakia, maana miguu ilikuwa imemgomea lakini masikio yalikuwa mazima. "Cheche si ndiye wewe, mwanangu?"

"Cheche ya umeme, mama."

"Haya. Na wao umewaandikia hivyo hivyo?"

Alikuwa amewaandikia hivyo hivyo. Barua ya kujieleza alikwisha kuiwasilisha kabla ya kufika nyumbani, kwa kuwa si mtu wa kulaza kazi. Ilisema: "Fedha hiyo ililiwa na cheche, kama ilivyo kawaida, kidogo kidogo kila siku tangu swichi ilipofungwa." Karani aliyeipokea alicheka mpaka akatafuta kiti. Alisema ameshaona watu wakikiri wizi, lakini hajaona anayekiri kwa utulivu ule, tena akitaja hadi siku aliyoanza.

"Kwa nini hukuandika silva kama watu?" aliuliza Mama Cherehani.

"Waraka umekataza."

"Basi ungesema ni madini tu."

"Madini gani? Shaba ni madini, chuma ni madini. Ukisema madini hujasema kitu."

Mama Cherehani akazichomeka pini kwenye kitambaa. Alimkubali mwanamume huyu zamani kwa sababu alikuwa hajui kusema uongo, na ndugu zake walimpongeza. Hakuna hata mmoja aliyemtahadharisha kwamba mtu wa namna hiyo naye ana gharama zake. Sasa alihesabu siku kumi na nne kwa vidole, akahesabu hatua kumi za bibi, akaona hazifiki hata getini.

*

Kesho yake bombani wanawake walimpisha mbele ya foleni. Hilo lilimtisha kuliko barua.

"Mumeo kawaumbua," alisema mama wa nyumba ya kona, akimshika bega. "Lisemwalo lipo. Tulijua siku nyingi kwamba wanakula, ila hakuna aliyethubutu kuandika."

"Hakuandika hivyo, shoga yangu. Ile ni fedha ya kwenye swichi. Kitu kinachong'aa, kama cha pete."

"Ndiyo, ndiyo. Ya kwenye swichi." Wakakonyezana. "Tunaelewa. Lazima mseme hivyo."

Jioni walikuja wanaume watano, wakakaa kwenye viti vyote vya nyumba na viwili vya kuazima, wakanywa chai na kumvisha Cheche kilemba cha ukoka. Walimwita jemedari. Walimkataza kuomba radhi. Mmoja alisema wakithubutu kumgusa, mtaa mzima utasimama. Cheche alijaribu kuwaeleza habari za fedha na shaba, akachukua kipande kilichochakaa akawaonyesha kilivyoliwa mpaka kubaki ganda. Walikipitisha mkono kwa mkono kwa heshima, kama kielelezo cha mahakamani, bila kukitazama.

"Usitishike, fundi," walisema wakiaga. "Sisi tuko nyuma yako."

"Nyuma sana," alisema bibi chumbani.

Siku kumi zilipita na hakuna aliyesimama popote. Mtu ana kazi zake. Yule wa kusema mtaa mzima utasimama alionekana ofisini kwa Meneja akiomba aunganishiwe maji kwenye banda lake la kuku, na aliunganishiwa.

*

Siku ya kumi na moja Mama Cherehani alichukua gauni la mke wa Meneja, lililokuwa limebakia upindo tu, akalipeleka nyumbani kwao. Aliingizwa kwa mlango wa jikoni. Mke wa Meneja alilivaa, akapanda juu ya kiti, akamwambia apime upindo pale pale. Kwa hiyo maombi yake ya maisha aliyatoa akiwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, huku Meneja akinywa chai mezani na kuongea na kisogo chake.

"Mumeo ni mtu mzuri," alisema Meneja. "Ila kalamu yake ina kiburi."

"Bosi, ile ni fedha ya ndani ya swichi. Kile kidude cheusi. Alikuletea mkononi ukakiona."

"Niliona."

"Basi si unajua?"

Meneja alijua, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kama fedha iliyoliwa ni kile kidude cheusi, basi yeye alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe mbele ya Mwenyekiti, akataja semina na viti vya gari bila kuulizwa, kisha akamwajiri mpwa wa mtu kwa ajili ya ukucha wa metali. Wizi ungeweza kumsumbua siku mbili tatu. Ujinga ule ungemfuata mpaka siku ya kustaafu, na karani angeusimulia kwenye sherehe. Alitaka karatasi isiyosema fedha ipi.

"Aandike kwamba hakuna fedha iliyoliwa. Atie sahihi. Arudi kazini, nyumba ibaki yake. Asiongeze neno la pili."

"Lakini ikiwa ile ya kwenye swichi kweli..."

"Neno la pili ndilo hilo."

"Na upindo usiwe mrefu, Mama Cherehani," alisema mke wa Meneja kutoka juu. "Mara ya mwisho ulinifanya nionekane mfupi."

Alikuwa mfupi. Mama Cherehani alipunguza upindo.

*

Karani aliileta barua siku ya kumi na tatu saa sita mchana, imekwisha kuchapwa. Aliiweka juu ya meza ya cherehani, akaifuta meza kwanza kwa kitambaa chake, jambo lililomuudhi mwenye meza.

"Hapa, fundi. Chini ya jina."

Cheche aliisoma mara mbili. "Nathibitisha kwamba hakuna fedha yoyote iliyoliwa." Akatoa kalamu mfukoni. "Nitaongeza kidogo hapa mwisho. Isipokuwa iliyo ndani ya swichi."

"Barua rasmi haiongezwi kwa kalamu."

"Basi kaichape upya."

"Fundi," alisema karani kwa upole wa mtu aliyepanga kuwahi chakula chake, "mimi nimetumwa na karatasi moja."

"Shemeji, tupe dakika," alisema Mama Cherehani.

Karani akatoka barazani. Cheche akageuka kumtazama mkewe, na mkewe akamwona na uso ambao hakuwa ameuona tangu siku walipomzika baba yake Cheche.

"Nikitia sahihi hapa, hawataagiza vipande vipya. Siku nyuso zikigandana, pampu itakataa kuzimika. Hata kinga yake, ile inayozima mota ikichemka, haitasaidia, maana kinga hufanya kazi ya kuziachanisha nyuso, na zilizogandana haziachani. Mota itaungua. Na watanishika mimi."

"Lini?"

"Sijui. Mwezi. Miezi mitatu."

"Na usipotia sahihi tunatoka keshokutwa."

Cheche aliisoma barua mara ya tatu.

"Mama yako nimbebe mgongoni nimpeleke wapi?" aliuliza, na sauti ikampanda ingawa hakutaka. "Kwa wale waliokunywa chai hapa? Tia sahihi, baba. Swichi haikai na sisi. Swichi haitatulaza nje."

Chumbani bibi alikuwa kimya, naye si mtu wa kunyamaza. Cheche aliinama, akatia sahihi yake ndefu iliyolala upande, akaifunika kalamu. Mkewe alishukuru, na wakati huo huo akamwonea huruma, na akatamani mtu aje amtukane ili apate wa kugombana naye.

*

Alirudi kazini. Wale wa bombani waliacha kumpisha mkewe, na mama wa nyumba ya kona alisema siku zote alijua wanaume wembamba hawana msimamo.

Wiki ya kwanza Cheche alijaza fomu ya kuomba vipande vipya. Karani aliisoma, akafungua faili, akaonyesha kwa kidole.

"Wewe mwenyewe umethibitisha hakuna kilicholiwa. Sasa unataka kununua nini?"

"Vimekwisha. Njoo uvione."

"Mimi naona faili. Visugue kwa msasa ving'ae."

"Weusi haudhuru kitu. Msasa ndio utavimalizia kilichobaki."

"Basi weka shaba. Kuna jamaa mjini anachonga."

Cheche alieleza habari za shaba na ngozi yake. Karani alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Basi fundi akafanya aliloweza: akawa analijaza tangi mpaka ukingoni, ili awashe pampu mara mbili tu kwa siku, maana kila kuwasha ni tonge jingine. Kwa wiki saba aliilea ile swichi kama mgonjwa. Alikula haraka, akilala anasikiliza mlio wa pampu ukutani. Mkewe aliyaona yote.

Kisha yule mpwa, afisa uhusiano, akakumbuka kwamba ana kazi. Aliandaa siku ya picha kwa ajili ya kalenda ya kituo. Mwenyekiti angebonyeza kitufe, pampu ingenguruma, na mama mmoja mwenye sura ya shukrani angekinga maji kwenye bomba la uani. Mama Cherehani alikuwa jirani wa karibu kuliko wote, kwa hiyo akapewa ndoo mpya na kuambiwa asimame.

Mwenyekiti alibonyeza. Mpiga picha alikuwa anabadilisha betri.

"Zima. Washa tena," alisema mpwa.

"Mzee," Cheche alimwambia Meneja pembeni, "isizimwe na kuwashwa ovyo. Nakuomba."

"Leo nawe usinitie aibu."

Mara ya pili Mwenyekiti alifumba macho. Mara ya tatu maji hayakung'aa vizuri kwenye jua. Mara ya nne Mama Cherehani hakutabasamu, na akaombwa atabasamu. Alimwona mumewe kwenye mlango wa chumba cha pampu, mikono imemning'inia, midomo inahesabu. Alitabasamu. Mara ya sita picha ikapatikana, watu wakapiga makofi, na Mwenyekiti akabonyeza kuzima.

Pampu haikuzima. Ilibadilisha sauti, ikawa inaguna kama mtu aliyebanwa. Kati ya njia tatu za umeme ndani ya swichi, mbili zilikuwa zimegandana na ya tatu imeachana, na mota ilikuwa inajivuta kwa nguvu isiyo kamili huku ikichemka. Mwenyekiti alibonyeza tena, akabonyeza na mara ya tatu kwa hasira, kama mtu anayeita mtumishi. Cheche alikwisha kukimbilia chumba cha swichi kuu. Kilikuwa kimefungwa, kwa amri ya Meneja, ili wageni wasione uchafu. Ufunguo alikuwa nao karani, na karani alikuwa amekwenda kuleta soda.

Alirudi na kreti zima. Kufikia hapo moshi ulikuwa unatoka dirishani na Mwenyekiti alikuwa ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa.

*

Barua ya pili ilikuja baada ya siku nne. Mji haukuwa na maji, na bodi ilikuwa imekaa kikao kirefu kujua nani wa kulaumiwa, ikamjua. Cheche alikaa kitandani kwa mama yake, akamwomba mkewe aisome, kwa kuwa macho yalikuwa yanamuuma kwa moshi wa mota.

"Kwa kuwa ulithibitisha kwa sahihi yako mwenyewe kwamba hakuna fedha yoyote iliyoliwa," alisoma Mama Cherehani, "na kwa kuwa fedha, yaani ile metali inayovikwa nyuso za vipande vya swichi ili kupitisha umeme, imekutwa imekwisha kabisa, ni dhahiri kwamba uliuficha uongozi hali halisi ya mtambo..."

"Rudia hapo kwenye metali."

Akarudia.

"Wameiandika sawasawa," alisema Cheche. "Hata mimi nisingeiandika vizuri zaidi." Akatikisa kichwa kidogo, na kulikuwa na kitu kama furaha usoni mwake, furaha ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake mjinga amepata jibu. Mkewe alishindwa kumtazama. Akamalizia barua: kufukuzwa bila kiinua mgongo, nyumba ikabidhiwe Jumamosi.

"Mimi ndiye niliyekwambia utie sahihi," alisema.

"Mkono ulikuwa wangu."

"Uliniambia itakuwa hivi hivi. Ulinieleza mpaka na kinga. Nikakuziba mdomo."

Cheche alitaka kusema kitu cha kumpoza, lakini hakikuwa kweli, kwa hiyo hakukisema. Bibi alinyoosha mkono, akamshika mkwewe kifundo cha mkono. "Mlinifikiria mimi wote wawili," alisema. "Mngeniuliza. Mimi nilishalala pabaya kuliko barazani."

Nje, gari la maji lilipiga honi. Mama Cherehani alichukua ndoo ya kituo, ile waliyosahau kumnyang'anya, akatoka. Foleni ilikuwa imefika mpaka kona. Walikuwepo wote, waliompisha na waliokunywa chai yake, na mwenye banda la kuku na madumu yake manane. Mama wa nyumba ya kona ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Kumbe mumeo aliandika mwenyewe kwamba hakuna kilicholiwa? Akatia na sahihi? Sasa watoto wetu wanakunywa nini?"

Njia nzima Mama Cherehani alikuwa amejipangia majibu. Kulikuwa na la Meneja, na la Mwenyekiti na vitufe vyake, na la karani, na moja kali kuhusu watu walio nyuma sana. Yote yalikuwa ya haki, na yote yalikuwa pale mdomoni.

"Alitia," alisema. "Niliyemwambia atie ni mimi."

Akaishika ndoo yake vizuri, akaenda kusimama mwisho wa foleni.